Mguu wa Nyuma Uje Mbele

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asiwepo mtu wa kunisoma akingojea ushujaa. Naogopa radi. Naogopa mbwa wa jirani, ambaye hana hata meno ya kutosha. Naogopa ngazi za udongo zinazoshuka kwetu mvua ikinyesha. Na katika miaka hii ya Bukavu naogopa pia yale ambayo watu wote wanayaogopa: milio ya usiku ambayo asubuhi hakuna anayeitaja, gari likizima taa karibu na lango, simu ya namba nisiyoijua. Woga wa namna hiyo hauchaguliwi. Unaingia bila hodi, unavuta kiti, unakula nanyi.

Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliporudi kutoka pwani ya Kenya, mfuko mkubwa mgongoni na ubao mrefu kwapani, akasema atanifundisha kusimama juu ya maji ya ziwa Kivu nikivutwa na upepo, nilimwambia aende akapimwe kichwa. Akanicheka.

"Weye utakufia mu Nyawera," akasema, "umefunikwa na marido."

Mimi nauza mapazia, marido kama tunavyosema huku, katika soko la Nyawera, na sipendi mtu acheze na kazi yangu. Nikamuuliza, kesho saa ngapi? Ndivyo nilivyoingia ziwani, kwa hasira. Baadaye nilijitafutia sababu nzuri zaidi, kwamba nilitaka angalau woga mmoja nilioutaka mwenyewe, wenye saa ya kuanza na saa ya kwisha. Ni kweli pia. Lakini mwanzo ulikuwa hasira tu.

Yaya, ndivyo ninavyomwita kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa, alikuwa amefanya kazi kule pwani kwa watu wanaofundisha watalii mchezo huu. Wenyewe wanauita kaiti. Sisi hatukuwa na haja na jina lao. Siku ya kwanza tu wamama wanaofua nguo pale ufukweni walisema ni parachute, ikabaki parachute. Ni kitambaa kikubwa ambacho mishipa yake inajazwa upepo kwa pampu mpaka inakuwa migumu. Kinapaa, na kutoka kwake zinashuka kamba ndefu hadi kwenye fimbo unayoishika kwa mikono miwili, na fimbo yenyewe imenaswa kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni. Upepo unavuta kitambaa, kitambaa kinavuta kiuno chako, nawe unasimama juu ya ubao kana kwamba una akili zako. Nilivaa jile la manjano, lile la abiria wa boti, la kumfanya mtu aelee. Bila lile jile nisingetia hata kidole, maana kuogelea kwangu ni kwa kumwomba Mungu.

Kuna mbao zenye mikanda ya kufungia miguu, zinazokwenda pande zote mbili bila mtu kujisumbua. Ubao wa yaya haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa ubao wa mawimbi, wenye pua na mkia, na juu yake hakuna kitu ila nta ya nyuki tuliyoipata kwa muuza asali wa Mumosho, tukaisugua ili nyayo zisiteleze. Ubao ule unajua kwenda upande wa pua yake tu. Ukienda, mguu wa kushoto uko mbele. Ukitaka kurudi, ubao unageuka, na miguu nayo lazima ibadilishane: wa nyuma uje mbele, wa mbele uende nyuma, huku maji yanakimbia chini yako na parachute haina habari na shida zako.

Kwenda nilijifunza. Kurudi ndiko kulikonishinda.

Na pale petu mtu asiyejua kurudi hana mchezo. Alasiri za kiangazi upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo unausimamia kwa mgongo na kwenda kushoto kwako, na kushoto ni mashariki, na mashariki ni ng'ambo, nchi nyingine. Majini hakuna kizuizi wala bendera. Kuna kisiwa kidogo tu chenye mikaratusi na nyange, na wavuvi wote wanajua kwamba ukikipita kile umevuka. Wako waliokipita wakifuata sambaza, visamaki vyao vidogo, wakarudi nyumbani kwa njia ya daraja, kwa miguu, bila nyavu wala mtumbwi, na wengine walikawia kurudi. Darajani kuna foleni, kuna jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, kuna mhuri. Ziwani mtu anaonekana tu amefika. Na miaka hii hakuna askari wa upande wowote anayefurahi kuona kitu kinamjia kikiruka kutoka kwa jirani. Mimi nilikuwa chini ya kitambaa chekundu kinachoonekana toka mlimani.

Sheria ya yaya ilikuwa moja.

"Mbele ya kisiwa, unageuka. Ikikushinda, angusha parachute mu maji, kaa mu jile yako, usifanye kintu. Mi nitakuya na mutumbwi."

Na alikuja, kila mara. Niliangukia mbele ya kisiwa hata nyange wakanizoea. Nilipouona ule mtumbwi unakuja, yaya amepiga magoti ndani yake, anapiga kasia na kunitukana, moyo wangu ulirudi mahali pake. Alijaribu pia kuniinua majini upande wa kurudi, mguu wa kulia ukiwa mbele tangu mwanzo, ili nisihitaji kubadilisha kitu. Mwili ulikataa. Nilipinduka, nikameza maji, tukarudi nyumbani tena kwa mtumbwi, parachute imelowa miguuni petu.

Kosa langu, alisema, ni la Bukavu nzima. Sisi tumekulia kwenye miteremko ya potopoto, matope matupu. Mtoto wa kwetu, hata kabla hajasema vizuri, anajua kushuka mlima wakati wa mvua: unaegemea nyuma, unakaza magoti, unachimba kwa visigino, na macho hayatoki kwenye vidole vya miguu. Mwili wangu ulipousikia ubao umelowa, uliamua wenyewe kwamba hii ndiyo njia ya kwetu baada ya mvua. Nikaegemea mguu wa nyuma. Nikakaza magoti. Nikaangalia vidole. Mkia ukazama, pua ikainuka, nami nikaketi ziwani.

"Uko nashuka mulima!" yaya alipiga kelele kutoka ufukweni. "Hakuna mulima hapa! Kunja magoti! Leta kiuno mbele! Unasimama kama mutu anatafuta choo!"

Wale wamama wa kufua walikaribia kuangukia ndani ya mabeseni yao kwa kucheka. Niliwatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja.

Polepole mwili ulisikia. Nilijua kuuweka mguu wa mbele karibu na katikati ya ubao, na wa nyuma juu ya yale mapezi yaliyo chini ya mkia, nyayo zikiukata ubao kwa upana, zisiufuate. Nilijua kuacha kiuno kivutwe badala ya kukinyima, mabega yakibaki nyuma, magoti yakimeza mawimbi. Nilijua kwamba mguu wa nyuma haukuwekwa pale kuchimba. Ni wa kuongoza: ukikandamiza kisigino kidogo, ubao unapanda kuelekea upepo, na ukikilegeza, unashuka. Siku nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu juu ya maji, na yaya akadhani nalia.

Lakini kubadilisha miguu, aa-aa. Nilijizoeza nyuma ya meza yangu Nyawera, juu ya kipande cha katoni, kushoto mbele, kulia mbele, nikishika fimbo ya pazia mikononi. Motari, wale wa pikipiki za abiria, walioegesha karibu waliniuliza, "Maman, ni danse gani iyo?" Nikawaambia waangalie moto zao zisije zikaibiwa. Juu ya katoni niliweza. Juu ya maji, kila nilipotaka kuinua mguu wa nyuma nilifikiria kina. Nilifikiria gesi wanayosema imelala huko chini. Nilifikiria ng'ambo. Nikaangalia vidole, na nilipoangalia vidole nilianguka.

"Acha kuangalia miguu," yaya alisema. "Haitatoroka."

"Itatoroka," nikamjibu. "Ni miguu yangu, naijua."

Mama yetu, ambaye tunaishi naye, hakukanyaga ufukweni hata siku moja. "Ziwa haina mulango," alikuwa akisema. "Ukikwama mu ndani, utagonga wapi?" Akisha kusema hivyo anarudi kwa wasichana wake. Mama ndiye anayewafundisha wale watoto wa kike wa parokia wanaocheza mbele ya altare siku ya Misa, joyeuses tunawaita, na kila Jumamosi wanajaa uani kwetu, naye anawapigia makofi mpaka viganja vinakuwa vyekundu. "Kichwa juu! Munatafuta nini huko chini? Mungu haiko mu viatu!" Nilipokuwa mdogo nilikuwa mmoja wao, mstari wa nyuma, na maneno hayo aliyasema akinitazama mimi.

Sasa siku yenyewe.

Upepo ulikuja mapema, tena na nguvu. Maji yalikuwa na meno meupe hadi mbali. Nilipofika ufukweni na kuona hayo meno nilikaa juu ya jiwe nikakataa kuvaa mkanda.

"Upepo iko muzuri leo," yaya akasema. "Haikatiki. Ni ile inafaa kwa kubadilisha miguu."

"Naogopa."

"Unaogopaka kila siku."

Neno lenyewe nilikuwa nimelichosha kwa kulitumia kila siku, na siku nilipolihitaji halikuwa na nguvu tena. Nikafunga mkanda. Nikavaa jile. Yaya akavua ndala zake na shati, akaliviringisha shati na simu ndani yake, akaviweka juu ya mchanga karibu na mtumbwi kama desturi yake, akaniinulia parachute.

Nilikwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuijua. Nilisimama vizuri. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu: magoti yamekunjwa, kiuno mbele, macho mbele. Upepo ulipiga mgongoni, maji yakapasuka chini ya ubao, na kisiwa kikaja haraka kuliko siku zote. Nikaona nyange wakiruka. Nikajiambia, sasa. Nikainua kisigino cha nyuma. Nikaangalia kisigino hicho. Upepo ukaongeza, nikakirudisha chini, nikakaza magoti, nikashuka ule mlima wangu wa potopoto, na nilipoinua macho mikaratusi ilikuwa imekwisha kunipita.

Nilikuwa nimevuka.

Sijui kuueleza woga ule. Si ule wa nyumbani unaokaa kwenye kiti. Huu ulikuja ukikimbia. Mbele yangu niliona mashamba ya ng'ambo, bati la nyumba likimeta, na majini, chini ya nyumba hiyo, kitu cheusi ambacho kilikuwa ama jiwe ama boti. Nikaiachilia fimbo. Parachute ikapiga maji kwa kishindo, nami nikazama mpaka masikioni, jile likanirudisha juu.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikakaa. Nikaushika ubao. Nikamngoja yaya. Upepo ulinisukuma ndani, kuelekea nchi kavu, mpaka kisiwa kikawa kati yangu na ziwa kubwa, kikanifichia njia ambayo mtumbwi ungeijia. Sikuona kasia. Sikusikia matusi. Nilianza Salamu Maria nikaishia katikati, nikaanza tena nikaishia palepale. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye meza sokoni. Mungu wangu, nilisema, usiniache hapa, mama yangu hajui hata nimevaa nguo gani.

Kisha kile kitu cheusi kikawasha mota.

Basi halikuwa jiwe. Na hapo sikungoja tena mtu. Nikavuta kamba moja kama yaya alivyokuwa akifanya nikianguka, parachute ikatikisika, ikajikung'uta maji, ikapanda. Ikapandia upande mbaya. Ikaninyanyua na kunisimamisha juu ya ubao, mguu wa kushoto mbele, vile mwili ulivyozoea, na kunivuta kwa kasi kulekule kwa mota.

Sikia, sikuwaza mambo ya ubao. Hakuna aliyenikumbusha visigino wala mapezi. Nilichosikia ni makofi. Makofi ya mama uani, pa, pa, na katikati ya makofi mawili ile nafasi ndogo ambapo mstari mzima wa watoto unageuka mbele ya altare: mguu wa nyuma unakuja kugusa kisigino cha mwenzake, wa mbele unateleza kurudi, na haufanyi hivyo mwili ukiwa mzito, unafanya mwili ukiwa umepanda. Kichwa juu. Kichwa juu, we mutoto!

Nikainua kichwa. Nikatafuta kitu cha kukiangalia, nikaikuta Bukavu, mapaa yake yamepandana juu ya mlima, mbali, yana jua. Nikayashikilia kwa macho. Nikaivuta parachute ipite juu yangu, ubao ukalala sawa ukaanza kugeuka, na parachute ilipokuwa juu kabisa ya kichwa ikaniinua kidogo, uzito wote ukanitoka. Pa. Mguu wa nyuma ukaja. Pa. Wa mbele ukaenda. Sikuiangalia. Niliisikia tu ikifika mahali pake, kulia mbele, kushoto nyuma, nta ya Mumosho chini ya nyayo.

Nikarudi. Nilipita kati ya kisiwa na nchi kavu, kisiwa kikiwa mgongoni mwangu, na mgongoni mtu haoni. Nyuma ya miti upepo ulikatika nikadhani nimekwisha, ukanipokea tena upande wa pili. Woga haukuwa umeniacha, na katikati yake nilikuwa tayari natayarisha maneno. Nilitaka kumwambia: Yaya, ni nani atakufia mu marido? Niliyarudiarudia njia nzima.

Nilifika nikaiangusha parachute mchangani, na wamama wawili wa kufua wakaikalia isiruke.

"Yaya!" nikapiga kelele. "Umeona? Umeona?"

Ndala zake zilikuwa pale, juu ya mchanga, na shati lililoviringishwa. Mtumbwi haukuwepo.

"Amekufwata," mmoja wa wale wamama akasema. Hakuwa anacheka tena. "Ulianguka tu, akasukuma mutumbwi. Amepita huko inje, ngambo ya kisiwa. Hamukupishana?"

Hatukupishana. Nilikipita kisiwa kwa ndani, yeye kwa nje, na miti ikasimama katikati yetu. Aliniona nikianguka, na alichojua juu yangu ni kwamba sijui kurudi. Basi alikwenda mbele. Alikwenda mpaka mbele ya mbele.

Wavuvi wawili walitoka na mitumbwi yao mpaka kwenye kisiwa. Hawakukipita, na sikuwalaumu. Walirudi wakasema maji ni matupu.

Nilimwambia mama nikiwa nimesimama mlangoni na jile bado mwilini. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Alikaa tu chini, akainyoosha miguu yake mbele, akaanza kuivuta vidole kimoja kimoja. Usiku ule sitauandika. Asubuhi nilikwenda darajani, nikauliza, na hakuna aliyejua kitu, au hakuna aliyekubali kujua. Simu yake nilikuwa nayo mimi, ndani ya shati lake. Ililia mara moja, ilikuwa ni mtu wa kuuza pampu. Nikarudi nyumbani kwa kuwa mama alikuwa peke yake, na nilipofika sikuweza kukaa, nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, ambazo hakuna aliyeziomba.

Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, lango likafunguka. Yaya akaingia. Hakuwa na viatu, suruali imekaukia mwilini, nyayo zimejaa vumbi na damu, maana barabara ya kutoka darajani ina mawe makali. Alitembea kama mtu anayetamani nyumba iwe mbali zaidi. Hakuniona, mimi nilikuwa jikoni kwenye kivuli na mchi mkononi. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa mama, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Maman," akasema. "Nimemupoteza."

Mama akamshika uso kwa mikono miwili. "Umepoteza nani?"

"Mudogo. Ziwa imemubeba. Ni mimi nilimupeleka."

Mchi ulinitoka mkononi. Akageuka kwa ule mlio. Sijawahi kutazamwa hivyo, na naomba nisitazamwe hivyo tena. Alinitazama usoni, akanitazama miguuni, akarudi usoni.

Alitusimulia baadaye, vipande vipande, mama akimwosha nyayo ndani ya beseni. Lile boti lenye mota, la askari, lilimkuta ng'ambo ya kisiwa. Hawakumpiga, walimuuliza tu: umefuata nini huku? Akasema, namufwata dada yangu. Dada gani? Akageuka kuwaonyesha parachute, na ziwa lilikuwa tupu. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya miti, narudi, natunga maneno ya kumcheka. Wakamweka ndani, na usiku mzima aliniona nikizama. Asubuhi walimvusha daraja, mtumbwi ukabaki kwao. Kutoka daraja mpaka kwetu si mbali, lakini alitembea mpaka alasiri, kwa sababu hakuwa na maneno ya kumwambia mama.

"Sasa ulirudia njia gani?" akaniuliza.

"Nilibadilisha miguu."

"Bongo. Unanidanganya."

"Nilibadilisha, yaya."

Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi. Mama alimsugua kisigino polepole kwa kitambaa, akiyatoa mawe madogo moja moja.

"Basi ungerudia tu mwenyewe," yaya akasema. "Ata kama singekufwata."

"Eee."

Akauziba uso kwa mikono yake, mabega yakaanza kutikisika. Mtu huyu aliyenitukana ziwani kiangazi kizima alilia uani kwetu bila haya, mguu mmoja ndani ya beseni, mwingine mikononi mwa mama. Sikujua nimfanyie nini. Nikaenda nikaleta ubao, nikaulaza chini kwenye saruji, nikapanda juu yake.

"Angalia," nikamwambia.

Mguu wa kushoto mbele. Magoti nikayakunja. Lakini niliogopa kuliko nilivyoogopa majini, na saruji ni nchi kavu, haina kina, haina ng'ambo. Nikainamisha macho kuitafuta miguu yangu.

Mama hakuuachilia mguu wa yaya. Akautumia mkono mmoja tu, uliolowa, akajipigia makofi pajani, pa, pa, na sauti yake ilipotoka haikuwa sauti ya Jumamosi.

"Kichwa juu," akaniambia. "Muangalie yeye."